Minza, Kundi Halipo Tena

Ilemela, Mwanza
Jumapili, baada ya kanisa

Mdogo wangu Minza,

Hujambo, na hapo nyumbani mmeamkaje? Miguu ya Mama inaendeleaje, bado inavimba akisimama sana kwenye chapati? Mpe shikamoo yangu. Baba naye akirudi mnadani mwambie Kabula anakuamkia. Na mkono uliouchoma kwa pasi pale chuo cha ushonaji umepona, au umeacha kovu? Mimi mwilini sijambo. Shangazi na mumewe hawajambo, mtoto wao ameota meno mawili na anang'ata kila anachokiona, juzi kala kona ya daftari langu la Bayolojia. Salamu ndizo hizo. Nilitaka kuzirefusha, maana nikizimaliza itabidi niseme, lakini karatasi ninazo chache. Kwa hiyo nasema.

Usije.

Ujumbe wako niliupata Alhamisi natoka shule. "Dada nimeuza simu nauli imetimia. Nakuja siku yoyote nikipata upenyo. Usimwambie Baba. Nataka niwe wa nne." Nikakaa juu ya jiwe pale njia ya kupandia kwetu, nikausoma mara kumi. Nikapiga. Akapokea mwanaume: "Hii simu nimenunua leo asubuhi, dada yangu. Mwenyewe sijui anakaa wapi. Labda uongee na mimi?" Nikakata. Kumpigia Baba nimeshindwa. Unajua Baba anavyopokea simu, anaweka spika mnada mzima usikie, na mimi nikiwa na jambo zito sauti inakatika. Ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi siogopi sana. Kesho nitampa kondakta wa basi la Mpanda, yule mrefu anayekula chapati kwa Mama, aiache barua hii hapo kibandani. Ndani ya bahasha utakuta na flashi. Nitakueleza ni ya nini.

Kwanza nikuambie ukweli tangu mwanzo, kwa sababu nimekudanganya, na uongo wangu una picha.

Nisha unamjua kwa jina tu. Ni yule Mhindi niliyekuwa nakaa naye dawati moja, baba yake ana duka la vitambaa mjini. Anime zote, zile katuni za Kijapani za makundi ya wasichana wanaoimba, nilizokuletea Desemba zilitoka kwake. Jumamosi tulikuwa tunakwenda kwao, mimi na Suzi wa Kirumba, tunakaa kwenye zulia, mama yake anatuletea chai yenye tangawizi kali, tunatazama. Nisha anasoma Kiingereza kwa macho haraka kuliko mimi. Suzi yeye Kiingereza chake kimeishia kwenye kumsalimia mwalimu. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa ile ile niliyoifanya huko nyumbani: nasoma maandishi ya chini, nawasemea wasichana wote kwa Kiswahili. Mimi ambaye darasani nikiulizwa swali naangalia viatu, pale nilikuwa watu saba. Nalia sauti ya huyu, nacheka sauti ya yule. Suzi alikuwa ananiambia, "Kabula, kumbe una mdomo! Huwa unauficha wapi?"

Unakumbuka kwenye zile anime kila msichana ana rangi yake, ana namna yake ya kujitambulisha, na mashabiki wanapunga taa za rangi ile kumwonyesha kuwa wamekuja kwa ajili yake. Suzi ndiye aliyesema na sisi tufanye. Jina akaliweka yeye, Sato Sistaz, kwa sababu sato ni wa hapa ziwani na hakuna asiyempenda. Rangi tukachagua kijani, njano na bluu. Mwalimu wa michezo akatuona tunafanya mazoezi nyuma ya maabara, akauliza, "Nyie mnampigia nani kampeni? Hebu badilisheni kabla sijaitwa ofisini." Ndipo tukaenda kwenye waridi, machungwa na zambarau, na Nisha akaomba vipande vya vitambaa dukani kwao, nikakutumia vipimo, ukatushonea zile sketi. Sketi zilikuwa nzuri, Minza. Hilo sikukudanganya. Katika yote niliyokuandikia, sketi ndizo zilikuwa za kweli.

Sasa ile picha.

Wewe umekulia huko Mpanda, ng'ombe walipohamia na sisi tukahamia, kwa hiyo hujawahi kuona mashindano ya ngoma yanavyofanyika huku kwetu asili. Hakuna jaji wa kutoa maksi. Makundi mawili yanasimama uwanja mmoja, hili mwisho huu na lile mwisho ule, ngoma zinaanza kwa pamoja, na watu wanajiendea wanapopenda. Ukinichoka unaondoka kwangu unakwenda kwa mwenzangu. Filimbi ikipigwa, mwenye watu wengi ndiye kashinda. Yaani wanaokukataa unawaona migongo.

Mjomba wake Suzi, Mzee Mashauri, anaongoza kundi la wacheza na majembe Misungwi. Baada ya mavuno alimwambia Suzi atulete, tufungue shughuli kwa wimbo mmoja, wageni wachangamke. Wimbo mmoja tu. Tukaenda na spika ya Nisha na sketi zako kwenye mfuko. Kufika, tunakuta watu wameshajaa uwanjani na Mzee Mashauri ameshika kiuno. Lori la wapinzani wao lilikuwa limekwama njiani, haliji.

"Ngoma haichezwi upande mmoja," akasema. "Nimewaita watu wote hawa waje kunitazama nikifanya mazoezi?"

Suzi hakufikiri hata kidogo. "Sisi si tupo, mjomba?"

Wazee wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Mzee Mashauri hakucheka. Alituangalia mmoja mmoja, akauliza, "Nani kawapikia dawa?"

Nisha akajibu, "Hatuna dawa, babu. Tuna spika. Ina chaji asilimia tisini."

"Inavuta watu hiyo?"

"Hata walio mbali inawavuta."

"Na kuwashika? Kuvuta si kazi, mjukuu wangu. Kazi kuwashika."

Halafu akafanya jambo la kiungwana. Akasema hataki kutupiga tukiwa uchi, maana ya kwamba hatuna kinga, na akamwita mzee mwingine mwenye kibuyu atupake ile ile ya kwao, mabegani na kifuani, ili watu wakitutazama wasituache. Akasema mkipakwa mnapakwa wote, kundi haliwezi kuwa na tundu. Suzi ameshaanza kufungua vifungo. Nisha akasema, "Kwetu mama ananipaka kwenye paji la uso kila tukienda kusali, tatizo liko wapi?" Wote wakanigeukia mimi.

Nikasema, "Mimi nimeokoka."

"Tangu lini?" Suzi akauliza.

Minza, huyu Mungu nilimsingizia. Sikukataa kwa ajili ya imani. Nilikataa kwa sababu vijana walikuwa wamejipanga ukutani wanatutazama, na chini ya blauzi nilivaa ile fulana ya zamani ya Baba iliyotoboka, na nisingeweza kuonyesha bega mbele ya watu hata kama ningeahidiwa dunia. Niliona aibu, basi. Nikaivisha aibu yangu nguo ya kanisani. Mzee Mashauri ni mtu wa heshima, akasema haya, dini ya mtu haichezewi, akamrudisha mwenye kibuyu. Hatukupakwa hata mmoja.

Tukaanza. Na watu walikuja! Wengi, mbio, hawajawahi kuona kitu kama kile, wasichana watatu na Mhindi mmoja kati yao, sketi zinazunguka, spika inapiga. Walituzunguka mistari mitatu. Watoto wamekaa chini mbele. Binti mmoja wa ukoo wa akina Suzi akachukua simu yangu akapiga picha. Ndiyo ile uliyoiona. Mimi katikati, mikono juu, watu nyuma yangu hawahesabiki. Ni ya kweli, haikuchezewa. Ila ilipigwa wimbo wa kwanza haujafika nusu.

Wimbo wa pili una sehemu yangu. Maneno nilitunga mwenyewe, unayajua, nilikuandikia. Wenzangu wanarudi nyuma hatua mbili, mimi nabaki mbele peke yangu, naimba mistari minne bila wao. Kwenye anime hapo ndipo msichana mwenye aibu anafumba macho, anamkumbuka mtu, sauti inatoka. Nikafumba. Nikakukumbuka wewe, nakuambia ukweli. Nikafungua mdomo na hakuna kilichotoka. Mdundo unaendelea, mimi nimesimama mdomo wazi kama sato aliyetolewa majini. Mtoto mmoja pale chini akamuuliza mwenzake, "Huyu amefanyaje?"

Upande wa pili ndipo wakarusha majembe. Yanaruka juu yanang'aa, wanayadaka kwa mpigo mmoja. Wakatoa na sanamu ya mbao yenye shingo inayojigeuza, inaangalia watu kulia na kushoto. Watoto waliondoka kwanza. Halafu vijana. Akina mama wenye watoto mgongoni walijaribu kuwa na huruma, wanapiga makofi huku wanarudi kinyumenyume. Wa mwisho alikuwa bibi mmoja aliyekuja na kigoda chake. Akasimama, akaikunja kanga yake, akasema, "Wabeja, wajukuu zangu, wabeja sana. Ngoja na mimi nikaone na kule." Ahsante yake iliniuma kuliko waliotucheka.

Sheria ni kwamba huachi kucheza mpaka filimbi. Kwa hiyo tuliendelea. Nyimbo zote nne, hatua zote, na kuinama mwishoni, mbele ya nyasi. Nisha alikuwa analia na bado anatabasamu kama tulivyojifunza. Spika ilikuwa bado ina chaji nyingi.

Kwenye kurudi tulipanda gari mpaka tukaukaribia mji. Suzi akasema bila kunitazama, "Ungekubali kupakwa."

Nikaukunja mfuko wa sketi magotini.

"Huyo Yesu wako mbona hakuja kututazama? Hata yeye alienda kwenye majembe."

Nisha akamwambia, "Suzi, acha." Suzi akamwambia, "Wewe nyamaza, wewe ukifeli una duka." Ndivyo lilivyokwisha kundi, ndani ya gari, kwa maneno manne matano. Jioni yake wewe ukaniuliza kwenye simu, "Vipi Dada, watu walikuja?" Nikakutumia picha. Ukauliza, "Mlishinda?" Nikaandika, "Unaonaje?" Hapo ndipo ningeweza kusema. Ukatuma vile vikatuni vya kucheka vingi mpaka skrini ikajaa. Siku iliyofuata ukaniambia umemwonyesha Mama, na mwalimu wako wa ushonaji, na kila mteja wa chapati. Nikaona nimeshachelewa. Nikawa nakutungia. Tumealikwa hapa, tumealikwa pale, tunatafuta wa nne. Lile la wa nne, Minza, sijui niliandika kwa nini. Labda nilitaka tu uulize ni nani.

Nisha ameondoka. Wazazi wake wamempeleka kwa babu yake Dar akamalizie masomo huko, walikuwa wamepanga hata kabla. Siku ya kuondoka alinipa zile anime zote. Hatukukumbatiana, dereva wao alikuwa anasubiri. Dawati sasa nakaa peke yangu.

Suzi ameacha shule. Anaanika dagaa na mama yake Mwaloni, pale Kirumba. Ijumaa nilimfuata, kwa sababu ya ujumbe wako. Sikuwa na mtu mwingine wa kumuuliza. Nilimkuta na reki mkononi anageuza dagaa, miguu imejaa magamba yanayometa.

"Ooh, karibu, supastaa wa Yesu," akasema. Mama yake akamwambia asinidhihaki. Nikamwamkia mama, nikasimama tu. Unanijua. Suzi akageuza mstari mzima kabla hajaniuliza, "Una shida gani?"

Nikamwambia mdogo wangu anakuja kujiunga na kundi.

"Kundi gani?"

"La kwetu."

Akaacha kazi. Nikafikiri atanitukana, na ningefurahi angenitukana. Akasema taratibu, "Hukumwambia?"

"Sikumwambia."

"Yaani yule mtoto aliyetushonea sketi, unamwacha avuke Tabora yote aje kufanya nini? Kuanika?" Halafu akasema, "Mimi hapa kila siku watoto wa watu wanakuja na mabegi wakiniuliza kazi. Nawaambia chukua reki. Sitaki kumwambia mdogo wako chukua reki, Kabula. Sketi ile bado ninayo. Mwandikie leo."

Nikamuuliza, akija kweli, anaweza kulala kwao hata siku mbili? Akaonyesha kwa mdomo ile nyumba yao, mama akajibu badala yake, "Mwanangu, tuko tisa."

Kwa Shangazi ndiyo usiulize. Wiki mbili zilizopita aliniita na mumewe amekaa pembeni anaangalia taarifa ya habari. Akasema kwa upole kabisa kwamba nikimaliza mtihani wa kidato cha nne chumba wanakipangisha, mtoto ana gharama, na kwamba nimeshakuwa mkubwa. Nikasema ndiyo Shangazi. Nikasema ahsante Shangazi. Hajanikosea, amenilea miaka minne. Lakini wewe ukitokea hapa na begi, hata mimi nitakuwa sina mlango.

Na usifikiri basi nitapata alama nzuri niende mbele nikuvute. Matokeo ya mock, ule mtihani wa majaribio, nilikuambia bado. Yametoka zamani. Nimepata ziro. Kiingereza peke yake ndicho nimefaulu, kwa sababu ya kusoma maandishi ya chini ya katuni. Mkuu wa shule akasema mbele ya wote, "Huyu sijui ataenda kuwatafsiria nani." Darasa likacheka na mimi nikacheka nao ili nisionekane. Mtihani wenyewe umebaki wiki chache na nikifungua kitabu sioni kitu. Baba anajua nitakuwa nesi. Sina mpango, Minza. Nimeutafuta nikaukosa. Hapa sina pa kukaa, huko sina uso wa kurudi nao, na katikati ndiyo upo wewe na nauli yako.

Sasa flashi. Nilijua nikikukataza tu utaona nakuonea wivu, kwamba nataka kuwa mbele peke yangu. Kwa hiyo nimekuwekea anime nne ambazo mimi mwenyewe nazipenda, uzitazame kwenye TV ya mama Kulwa hapo jirani kama tulivyofanya Desemba. Yule wa maktaba ya muvi aliyenihamishia kwenye flashi kaziandika majina ovyo, kwa hiyo nimekupangia kwa namba.

Anza na namba moja. Ni ya wasichana watano wanaokatisha tiketi kwenye kampuni ya mabasi ya mkoani ambayo abiria wameisha. Bosi wao anawafanya waimbe vituoni ili watu wapande. Inachekesha, na nyimbo zake ni bora kuliko za zote. Mama atapenda. Pia namba mbili ni ya Mama: kundi linakosa mtu wa sita, wanamchukua bibi wa miaka sabini aliyekuwa anafagia ukumbi. Usimtafsirie kila kitu, atacheka mwenyewe.

Namba tatu ni yako. Sijawahi kukuonyesha. Nadhani ndiyo nzuri kuliko anime zote za makundi nilizowahi kuona, na haina hata mmoja anayekuwa maarufu. Kundi lina mashabiki kumi na mmoja tu, siku zote kumi na mmoja, na hadithi inamfuata dada anayewashonea nguo. Anakaa nyuma ya pazia na pini mdomoni, anawasikia kwa mguu wanavyopiga sakafu, anajua nani amepungua kwa kiuno chake. Sehemu ya nane anashona usiku na mchana vazi la msichana ambaye anajua ataacha kundi wiki hiyo. Anashona vizuri vile vile. Niliitazama peke yangu, nikasimamisha, nikatazama mshono wa ule mkono, nikasema Minza angeujua huu ni mshono gani. Mimi siujui.

Namba nne umeshaiona. Ile ya wasichana saba wanaoimba kila siku kwenye kaukumbi juu ya soko la mboga, na yule wa mstari wa nyuma mwenye nywele fupi uliyemfanya wako. Itazame tena, mara hii usome mwenyewe. Kamusi yangu iko kwenye lile begi langu chini ya kitanda. Nenda polepole, Kiingereza chako cha kidato cha pili kinatosha.

Kwa sababu sehemu ya mwisho nilikutafsiria uongo. Ulikuwa umeshika mkono wangu, Mama yupo, mama Kulwa na wanawe wapo, wote mnanisikiliza mimi. Yule wa nyuma anamuuliza kiongozi wao lini atawekwa mbele. Mimi nikasema kiongozi anajibu, "Subiri, zamu yako inakuja." Sivyo alivyojibu. Alimwambia, "Miaka mitatu nimetazama ukumbini, sijaona taa ya rangi yako hata moja. Nenda nyumbani ukiwa bado una mahali panapoitwa nyumbani." Na pale anapofunga begi nikawaambia anakwenda likizo. Haendi likizo. Anarudi kwao, na picha ya mwisho ni mama yake anamsogezea sahani bila kuuliza kitu. Nyie mkapiga makofi. Wewe ukaniambia, "Si unaona Dada, mtu akisubiri anaitwa." Mwezi wote ule ukawa unasema hivyo. Nilikuwa nimekutungia zamu ambayo haipo, na nadhani ndiyo hiyo umeuzia simu.

Nisamehe. Ukishindwa, basi usinisamehe, ila kaa. Chuo kimebaki mwaka mmoja, na mkono wako unajua kitu. Wangu haujui.

Nisalimie Mama na miguu yake, mwambie nakula vizuri. Msalimie mama Kulwa jirani yetu, na mwalimu wako wa ushonaji, mwambie zile sketi mpaka leo hazijaachia hata uzi. Msalimie na bibi yetu mzaa baba akija kwa dawa, mwambie nilifika Misungwi alikozaliwa, asiniulize zaidi. Baba nitamsalimia mwenyewe hapa chini, utaona kwa nini.

Maana nimekaa na bahasha hii tangu mchana sijaifunga, nafikiria kitu kimoja. Kama kondakta amefika na wewe umeshatoroka, Mama ndiye atakayeipokea. Mama hasomi. Ataishika hivyo hivyo mpaka mwenye kusoma arudi kutoka mnadani. Kwa hiyo Minza, kama ni wewe unayesoma, ishia hapa, uikunje. Nakupenda, mdogo wangu. Ni mimi dada yako, Kabula.

Baba, shikamoo.

Kama umefika hapa basi umesoma yote, na Minza yuko njiani. Usimgombeze Mama, hakujua chochote. Mabasi ya huko yanaingia hapa stendi jioni. Kuanzia kesho nikitoka shule nitakwenda kila siku nisimame mlango wa kutokea, mahali atakaponiona. Nitampokea begi. Baada ya hapo sijui tutaelekea wapi, Baba, sina jibu, nimejaribu kulitafuta ili nikuandikie. Akifika nitakujulisha siku hiyo hiyo. Asipofika sijui nitafanya nini.

Nimemwandikia asije. Lakini mimi ndiye niliyemwita.

Mwanao,
Kabula